Kupunguza plani ya nyumba: nini kinapungua katika bei, na nini hakipungui

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, kuanzia Bunia mpaka Kalemie, mtu akishapata parseli swali linalofuata ni lile lile: nyumba ya vyumba vitatu na saloni itakula dola ngapi? Fundi akishataja hesabu, mara nyingi mwenye parseli anajibu kwa neno moja: «Basi tupunguze.» Anachukua plani ya kawaida, ile ya metre 10 kwa 8 ambayo jirani alijenga, anaondoa metre hapa na metre pale. Katika kichwa chake, nyumba ikipungua kwa asilimia 30, bei nayo itapungua kwa asilimia 30.

Mambo hayaendi hivyo. Kuko sehemu ya bei inayofuata ukubwa wa sakafu, kuko sehemu inayofuata urefu wa kuta, na kuko sehemu ambayo haijui kama nyumba ni kubwa ao ndogo. Asiyetenganisha hizo sehemu tatu anaanza kujenga na franga ambazo hazitafika mwisho. Kuta zinapanda mpaka juu ya madirisha, mfuko unakauka, mvua inaingia, na kama ni tofali za udongo mbichi, ukuta usio na paa unaanza kuyeyuka. Kupoteza nyumba iliyofika nusu ni hasara kubwa kuliko kujenga ndogo tangu mwanzo.

Plani mbili za kulinganisha

Chukua mfano wa plani ya kawaida ya metre 10 kwa 8. Sakafu yake ni metre za mraba 80. Mbele kuko saloni na chumba cha wazazi. Nyuma kuko vyumba viwili vya watoto, stoo na dushi. Kuta za nje zina urefu wa metre 36. Kuta za ndani, yaani ule wa katikati unaokata nyumba kwa urefu, zile zinazotenga vyumba, na kale kafupi kati ya stoo na dushi, zinafika metre 25. Jumla ni metre 61 za ukuta.

Sasa plani hiyo hiyo inapunguzwa mpaka metre 8 kwa 7. Vyumba vinabaki idadi ile ile, kila kimoja kinakuwa kidogo. Sakafu inakuwa metre za mraba 56: imepungua kwa asilimia 30 kamili. Lakini kuta za nje zinakuwa metre 30, za ndani karibu metre 21, jumla 51. Ukuta umepungua kwa asilimia 16 tu.

Hapo ndipo siri yote iko. Mtu amepoteza karibu sehemu moja ya tatu ya nafasi ya kuishi, lakini kwa upande wa ukuta amepata punguzo la sehemu moja ya sita. Na ukuta ndio unaokula simenti, mchanga, matofali na siku za fundi.

Msingi na kuta

Msingi unafuata kuta. Kila ukuta wa matofali, hata wa ndani, unahitaji kukaa juu ya kitu. Mtaro wa msingi wenye upana wa santimetre 40 na kina cha santimetre 60 unakula karibu metre kibu 14,6 za mawe na simenti kwa nyumba kubwa, na karibu 12,2 kwa nyumba ndogo. Punguzo ni lile lile: asilimia 16.

Kwa matofali ya simenti ya santimetre 40 kwa 20, metre moja ya mraba ya ukuta inaomba tofali 12 na nusu. Kama kuta zina urefu wa metre 3 kwenda juu, na nyumba iko na milango 6 na madirisha 6 ambayo kwa pamoja yanachukua karibu metre za mraba 20, nyumba kubwa itakula takriban tofali 2.040 na ndogo 1.660. Tofali 380 zimebaki, sawa na asilimia 18. Krepisaji inafuata hesabu hiyo hiyo, kwa sababu inapakwa juu ya ukuta huo huo, upande wa ndani na wa nje.

Shenaji, ule mkanda wa beto na feri unaofunga kuta juu, nao unafuata urefu wa kuta. Kwa feri 4 zinazotembea pamoja, nyumba ya kwanza inaomba karibu metre 244, ya pili 204. Kama bara moja ya feri iko na metre 12, ni bara 21 kwa 17, kabla ya kuhesabu sehemu zinazopishana. Bara nne zimeokolewa. Ni kitu, lakini si kitu cha kubadilisha maisha.

Sakafu

Sakafu ndiyo sehemu pekee inayotii kabisa hesabu ya kichwa. Pavema ya santimetre 8 kwenye metre za mraba 80 ni metre kibu 6,4 za beto. Kwenye 56 ni karibu 4,5. Kwa mifuko 6 ya kilo 50 kwa kila metre kibu, ni mifuko 38 kwa 27. Mifuko 11 imeokolewa, yaani asilimia 30 kama mtu alivyotarajia. Shida ni kwamba sakafu si sehemu kubwa ya bei ya nyumba. Tena familia nyingi zinaingia katika nyumba kabla ya kupiga pavema, zinamaliza polepole. Kwa hiyo punguzo kubwa zaidi liko mahali ambapo pesa ni kidogo.

Paa: mahali ambapo santimetre chache zinaweza kuleta faida ao hasara

Paa inatoka nje ya kuta. Kama inatoka nusu metre kila upande, nyumba ya 10 kwa 8 inafunikwa na paa ya 11 kwa 9, na ile ya 8 kwa 7 na paa ya 9 kwa 8. Mtu angetegemea manjanja yapungue kwa asilimia 27. Lakini manjanja hayauzwi kwa metre za mraba. Yanauzwa moja moja, kwa urefu wake, na mengi sokoni ni ya metre 3.

Chukua paa ya pande mbili inayopanda metre 1 kwa kila metre 4 za upana. Kwenye nyumba kubwa, kila upande unateremka karibu metre 4,65. Bati moja la metre 3 halitoshi. La pili linahitajika kukatwa karibu metre 1,85, pamoja na santimetre 20 za kupishana. Kipande kinachobaki ni cha metre 1,15, hakifiki kwa mstari mwingine. Kwa hiyo kila mstari unakula bati mbili. Kama kila bati linafunika upana wa santimetre 75, ni mistari 15 kila upande, jumla bati 60.

Kwenye nyumba ndogo, upande unateremka karibu metre 4,12. Fundi asiyefikiri ataweka tena bati mbili kwa kila mstari: mistari 12 kila upande, bati 48. Fundi anayefikiri ataona kwamba kipande cha pili kinaomba metre 1,32 tu, na kwamba bati moja la metre 3 linatoa vipande viwili vya namna hiyo. Kila mstari sasa unakula bati moja na nusu. Jumla inashuka mpaka bati 36.

Kutoka 60 mpaka 36 ni punguzo la asilimia 40. Hakuna sehemu nyingine ya nyumba inayorudisha hivyo. Na faida hiyo haikuletwa na udogo peke yake. Imeletwa na kuchagua kipimo kinachoelewana na urefu wa bati. Kama nyumba ingepunguzwa upana kutoka metre 8 mpaka 7,80 tu, faida hiyo ingepotea kabisa.

Sheria ni ile ile kwa mbao. Mtu wa Goma anayejenga kwa planshe juu ya mawe ya volkano anajua jambo hili. Kama planshe iko na metre 4 na ukuta uko na metre 3,20, santimetre 80 zinaanguka chini kila mara, na zimeshalipwa. Kabla ya kuchora plani, ni vizuri kwenda sokoni kupima: bati lina metre ngapi, planshe ngapi, madriye na shevron ngapi. Plani ikatwe kufuatana na hizo.

Vitu ambavyo havijui ukubwa wa nyumba

Mlango wa chumba kidogo ni sawa na mlango wa chumba kikubwa. Kitasa, bawaba, vioo vya dirisha, vyote vinabaki. Nyumba ya vyumba vitatu iliyobanwa iko na milango 6 kama ile ya kwanza.

Choo nacho hakipungui. Shimo linachimbwa kufuatana na idadi ya watu, si kufuatana na metre za saloni. Mjini Goma, mahali ambapo udongo umefunikwa na mawe ya volkano, kuchimba shimo la choo ni kazi ya siku nyingi za nyundo na nguvu, na bei yake inabaki ile ile hata kwa nyumba ya chumba kimoja. Kuunganishwa na maji ya REGIDESO, kuvuta umeme, kununua kisanduku cha diskonta, vyote havikatwi. Karatasi za parseli na ruhusa ya kujenga vinalipwa vile vile. Kamioni ya mchanga inayopanda mlima inahesabu safari, haihesabu kwamba imebeba kidogo. Simenti nyingi ya Goma, Butembo na Bunia inavuka mpaka kutoka nchi jirani, na usafiri unakula sehemu kubwa ya bei ya kila mfuko.

Hesabu nzima kwa dola 10.000

Ili kuona yote pamoja, chukua nyumba kubwa iliyopangiwa dola 10.000. Hizi si bei za soko. Ni mgawanyo wa mfano, na kila mtu anaweza kuweka hesabu zake mwenyewe katika nafasi hizo.

Msingi: dola 1.500, unashuka mpaka 1.250.
Kuta, shenaji na krepisaji: 3.500, zinashuka mpaka 2.870.
Sakafu: 800, inashuka mpaka 560.
Paa: 2.000, inashuka mpaka 1.600, kama fundi hakukata bati kwa akili.
Milango na madirisha: 1.000, inabaki 1.000.
Choo, maji na umeme: 800, inabaki 800.
Karatasi na usafiri: 400, inabaki 400.

Jumla mpya ni dola 8.480. Nyumba imepungua kwa asilimia 30, bei imepungua kwa asilimia 15. Tena kila metre ya mraba, ambayo katika nyumba kubwa ilikuwa inagharimu dola 125, sasa inagharimu karibu 151. Nyumba ndogo ni rahisi kwa jumla, lakini ni ghali kwa kila hatua ya mguu.

Hii haisemi kwamba kupunguza ni kosa. Dola 1.520 ni pesa; zinaweza kuwa karo ya watoto ao mtaji wa biashara. Inasema tu kwamba aliye na dola 7.000 asijidanganye kwamba asilimia 30 ya plani itamfikisha.

Umbo linaweza kushinda ukubwa

Nyumba ya metre 14 kwa 4 iko na metre za mraba 56, sawa na ile ya 8 kwa 7. Lakini kuta zake za nje ni metre 36, sawasawa na nyumba kubwa ya 10 kwa 8. Mtu aliyejenga ndefu na nyembamba amepata nafasi ndogo kwa msingi wa nyumba kubwa. Kwenye parseli nyembamba mara nyingine hakuna njia nyingine. Ila pale ambapo nafasi iko, nyumba inayokaribia mraba inakula ukuta kidogo kuliko zote.

Mtego mwingine ni kukata kona. Wengi wanaondoa pembe moja ya plani ili waweke baraza. Kutoka kwenye nyumba ya 10 kwa 8, ukikata kona ya metre 6 kwa 4, sakafu inabaki 56, lakini kuta za nje zinabaki metre 36 bila kupungua hata santimetre moja: zilizotoka mbele zimerudi ndani. Tena paa inapata mfereji katikati, mahali ambapo maji yanapenda kupita.

Mlimani hesabu inageuka

Bukavu ni tofauti kidogo. Kwenye mteremko, gharama ya kwanza si tofali, ni udongo wa kukata na ukuta wa kushikilia. Kama mlima unateremka metre 1 kwa kila metre 4, nyumba yenye kina cha metre 8 inaomba tofauti ya metre 2 kati ya juu na chini. Yenye kina cha metre 7 inaomba metre 1,75. Udongo wa kuhamisha unashuka kutoka karibu metre kibu 80 mpaka 49. Hapo nyumba imepungua kwa asilimia 30 na udongo kwa karibu 39.

Kwa hiyo mlimani kupunguza kunalipa zaidi, hasa ukipunguza ule upande unaofuata mteremko. Na faida si ya pesa tu. Ukuta mfupi wa kushikilia unabeba uzito mdogo, na katika mitaa inayokatwa na mmomonyoko kila msimu wa mvua, jambo hilo linaweza kutenganisha nyumba inayobaki na nyumba inayoondoka.

Mahali ambapo mtu hapaswi kupunguza

Pesa zikikosekana, kishawishi ni kuondoa vitu visivyoonekana. Shenaji ndiyo inayotangulia kuondolewa. Lakini eneo la Ziwa Kivu liko juu ya bonde la ufa. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipiga Bukavu na upande wa Rwanda, likaua watu na kuvunja nyumba. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ya Goma ilitetemeka kwa siku nyingi na kuta zikapasuka. Bara chache za feri zinazofunga kuta ni bima ya bei nafuu kuliko zote.

Pa pili ni urefu wa ukuta na madirisha. Kushusha dari kutoka metre 3 mpaka 2,40 kunaokoa matofali, lakini mahali pa joto kama Uvira, Kalemie ao Kindu, chini ya manjanja, chumba kinakuwa tanuru. Chumba kidogo chenye watu wengi kinahitaji hewa zaidi, maana kifua kikuu na magonjwa mengine ya mapafu yanapenda nafasi iliyobanwa isiyo na upepo.

Pa tatu ni jikoni. Wengine wanafuta jikoni kwenye plani na kusema mama atapika barazani. Mvua ikinyesha, mbabula inaingia saloni, ao usiku inaachwa chumbani ipashe joto. Makala yanayowaka mahali palipofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi inayoua watu wakiwa wamelala. Kajiko kadogo ka mbao na bati, kaliko mbali na vyumba, kanagharimu kidogo kuliko metre mbili za ukuta wa matofali.

Kuhusu nafasi ya mtu, kuko kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada: kanuni za Sphere zinaomba angalau metre za mraba 3,5 za kuishi kwa kila mtu katika makao ya dharura. Familia ya watu 8 ingefika hapo kwa metre 28. Lakini hicho ni kipimo cha wakimbizi, cha kuokoa maisha. Si kipimo cha nyumba ambayo watoto watakulia na kusomea. Nyumba ya 56 iko mbali juu yake. Nyumba ya metre 30 kwa familia hiyo inagusa mpaka.

Njia nyingine: kuondoa chumba, ao kujenga kwa hatua

Kama lengo ni pesa, kuondoa chumba kizima kunaleta zaidi kuliko kubana vyumba vyote. Chumba kikiondoka, kinaondoka na mlango wake, dirisha lake, na ukuta wake wa ndani pamoja na msingi wake. Vyumba viwili ambamo kitanda, kabati na mtu vinaenea ni bora kuliko vitatu ambamo mlango unagonga kitanda.

Na chumba kilichoondolewa kinaweza kurudi kesho, kama plani ilikitegemea. Paa ya pande mbili inaweza kurefushwa upande wa kichwa bila kuvunja kitu: kilele kinaendelea mbele, mistari ya manjanja inaongezeka. Upande huo uachwe wazi kwenye parseli, usiwekewe choo wala tanki. Chuma zinazoachwa nje kusubiri zifunikwe na beto dhaifu ao zipakwe, kwa sababu mvua ya miaka miwili inazila.

Maswali kabla ya kuchimba

Mazungumzo haya na fundi yafanyike juu ya karatasi, kwa kuwa msingi ukishachimbwa, nusu ya maamuzi imeshafanyika. Swali la kwanza: kuta zote, za nje na za ndani, zina metre ngapi? La pili: upande wa paa unateremka metre ngapi, na bati litakatwa wapi? La tatu: ni vitu gani havitapungua, na jumla yao ni dola ngapi? La nne: malipo ya fundi yanahesabiwa kwa nyumba nzima ao kwa metre ya ukuta? Fundi aliyekubaliana kwa nyumba nzima mara nyingi hashushi bei plani ikipungua. Aliyekubaliana kwa metre anashusha.

Kwa wenye ruhusa ya kujenga tayari mkononi, plani ikibadilika ni lazima kurudi kwa ofisi ya urbanismu iliyoitoa, ili nyumba ifanane na karatasi. Ni safari ya siku moja ao mbili, kabla jembe la kwanza halijaingia katika udongo.